Mahali pa Mvua Waliweka Wimbo

Manila
9 Machi 1997

Abaayo Saynab,

Assalaamu alaykum. Naomba Mungu barua hii ikukute na afya, dada yangu, wewe na shemeji Olow na mpwa wangu Arbia. Mimi ni mzima, ila joto la huku lina maji ndani yake, si kama la Garissa linalokausha jasho kabla halijatoka. Naendelea kukuandikia kwa Kiswahili. Kisomali tulikinyonya, lakini shuleni hakuna aliyetufundisha kukiandika.

Nimepata kazi. Asubuhi nasoma ufundi wa redio chuoni, mchana niko katika kampuni ya kanda za muziki inayoitwa Lunday. Kampuni hii ni mali ya stesheni kubwa ya redio na televisheni, na stesheni ina gazeti lake la burudani. Mwimbaji anarekodi orofa ya pili, jioni wimbo wake unapigwa redioni orofa ya nne, Jumamosi anaimba kwenye televisheni jengo la pili, na Jumatatu picha yake iko gazetini. Hajatoka hata nje ya ua.

Kazi yangu ni kufungua magunia ya barua. Wasikilizaji wanapiga kura kila wiki kuchagua wimbo bora, na barua zinatoka visiwa ambavyo majina yake siwezi kuyatamka. Hawataji wimbo tu. Wanaeleza na maisha yao: mume yuko melini, mama anaumwa, nyumba imepeperushwa na tufani. Kiingereza nakielewa, na lugha yao nimeanza kuishika. Nasoma kila moja. Wenzangu wananicheka.

Mwambie Arbia kwamba Abti wake, mjomba wake wa mbali, anamsalimu, na asome kwa bidii.

Ndugu yako mdogo,
Abdisalam

*

Garissa
2 Mei 1997

Walaal Abdisalam,

Wa alaykum salaam. Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Jua linatuchoma kama kawaida na Tana imepungua hadi unaona mgongo wa mchanga. Duka langu la dawa za mifugo linaenda. Olow yuko njiani siku zote, leo Habaswein kununua mbuzi, kesho hapa kuwauza. Arbia ametimiza miaka tisa na anasoma kila maandishi anayoyaona. Jana alimsomea mzee mmoja karatasi yote ya dawa ya minyoo, mpaka jina la kiwanda.

Nimefurahi, ndugu yangu, umepata kazi. Lakini nikuulize. Redio ni yao, gazeti ni lao, mwimbaji ni wao, na kura wanahesabu wao. Hapa sokoni dalali akiuza mbuzi wake, akamnunua yeye mwenyewe, kisha akasimama kuwa shahidi wa bei, wazee humtoa. Huko mtu kama huyo wanamwitaje?

Kuna muuguzi wa huko uliko, Bi Perla. Yuko hospitali ya wakimbizi Dadaab, na akija mjini hupita kwangu kununua dawa ya kuku wake. Nilipomwambia ndugu yangu yuko Lunday alinishika mikono yote miwili. Anasema dada yake humtumia magazeti ya burudani, yanafika miezi imeshapita lakini anayasoma yote.

Kula vizuri. Sali.

Abaayo wako,
Saynab

*

Manila
15 Agosti 1997

Abaayo Saynab,

Salamu nyingi. Natumaini mko salama. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio una kichefuchefu.

Uliuliza swali la dalali, sasa nina jibu. Kila Alhamisi asubuhi Bwana Crisanto, mkubwa wa matangazo hapa Lunday, huja na orodha ya nyimbo kumi bora. Hajafungua hata gunia moja. Wiki ya sita sasa wa kwanza ni wimbo wa Marivel, msichana wa miaka kumi na tisa ambaye kampuni imeamua awe nyota. Nilimwuliza, "Na hizi barua?" Akanijibu bila hata kuona haya: "Abdi, kila barua lazima iwe na kipande cha karatasi ya kanda. Akishakikata, ameshanunua. Tunataka nini tena kwake?"

Magunia yakijaa, barua huuzwa kwa kilo. Juzi nilinunua karanga nje ya geti, zimefungwa kwenye karatasi. Nilipomaliza kula nikaona mwandiko. Ni mwanamke mmoja, anaeleza jinsi mumewe alivyozama, na kwamba wimbo ule walikuwa wakiusikiliza pamoja. Mafuta ya karanga yalikuwa yamelowesha jina lake. Wallahi nilitapika kando ya barabara.

Lakini sijaacha kazi. Kibali changu cha kukaa nchini kinategemea chuo, na chuo kinategemea kazi hii. Na lipo jingine ambalo sikutaka kukuficha. Gazeti lao huchapa barua moja ya shabiki kila wiki. Barua za kweli ni ndefu na hazimtaji Marivel vya kutosha, kwa hiyo Bwana Crisanto ameniambia niwe nazitunga. Nimeshatunga nne. Katika moja nilijifanya bibi wa miaka themanini.

Ndugu yako,
Abdisalam

*

Garissa
4 Oktoba 1997

Walaal Abdisalam,

Salamu baada ya salamu. Sisi hatujambo. Mvua imeanza mapema na watu wanafurahi, mimi sijui.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nimesimama. Yule aliyetapika kwa ajili ya karatasi ya karanga, na huyu anayejifanya bibi wa miaka themanini, ni mtu mmoja? Mtu akiona kinyaa kisha akaendelea kula, hicho kinyaa chake kina kazi gani? Hooyo, mama yetu, Mungu amrehemu, alikulea kwa maziwa ya ngamia aliyekuwa akimkamua mwenyewe alfajiri. Hakukulea ili uandike uongo kwa ajili ya msichana wa watu.

Rudi nyumbani. Kuna redio za kutengeneza hapa mpaka uzeeke.

Olow amemchukua Arbia kwenda Habaswein. Mama yake Olow anaumwa miguu na anataka kumwona mjukuu. Watarudi baada ya wiki mbili.

Abaayo wako,
Saynab

*

Manila
18 Desemba 1997

Abaayo Saynab,

Assalaamu alaykum. Je, mko wazima? Hii ni barua ya tatu nakuandikia bila kupata jibu. Redio ya Kiingereza imesema mafuriko yamekata barabara zote za kwetu, na kwamba kuna homa inayoua mifugo na watu. Walitaja Garissa kwa jina. Posta hapa wananiambia nisubiri.

Nasali Ijumaa msikiti wa Quiapo na kuwaombea. Andika hata mstari mmoja.

Abdisalam

*

Garissa
6 Februari 1998

Walaal Abdisalam,

Nakusalimu. Uzima wetu ni huu tulionao.

Arbia amefariki. Nimeliandika mwanzo ili usilitafute.

Mvua haikuacha tangu Oktoba. Barabara ya Habaswein iligeuka ziwa, Olow na mtoto wakakwama huko. Hapa watu wakaanza kuja dukani. Mbuzi wanaharibu mimba, ngamia wanatupa mimba, ng'ombe wanaanguka. Nikawauzia sindano nilizokuwa nazo. Hazikusaidia, na nilijua hazisaidii, lakini mtu amesimama mbele yako na kamba mkononi isiyo na mnyama. Kisha wakaanza kusema watoto nao wanatoka damu puani.

Katikati ya Desemba nilipata habari kwa redio ya polisi kwamba Arbia ana homa. Kulikuwa na ndege inayopeleka mahindi ya msaada. Nilimsihi rubani, akaniketisha juu ya magunia.

Nilimkuta kwenye aqal ya bibi yake, kile kibanda chetu cha ngozi na mikeka. Macho yamekuwa ya manjano na fizi zinatoka damu. Daktari hakuwepo. Nilikuwa na begi zima la dawa, zote za wanyama. Siku mbili nilikaa naye. Hakulia. Alikuwa anasikiliza mvua inavyopiga ngozi juu ya kichwa chake, akawa ananiambia, "Hooyo, sasa imepungua. Sasa imerudi." Mimi nilikuwa sisikii tena mvua, nimeizoea, yeye ndiye aliyekuwa ananisikilizia. Mara ya mwisho akasema, "Hooyo, imeisha." Ilikuwa haijaisha, walaal. Ilikuwa inanyesha vilevile.

Palikosekana mahali pakavu pa kumzika. Kaburi lilijaa maji kadiri walivyochimba, na Olow akawa anayachota kwa sufuria. Aliyachota mpaka watu wakamshika mikono.

Olow hazungumzi siku hizi. Mama hatunaye. Wanawake wanaokuja kunipa pole nao wamezika wao. Nimekuandikia wewe kwa sababu uko mbali na sitauona uso wako ukisoma. Nimetumia karatasi za kampuni ya dawa ya kupe, usijali ng'ombe aliyechorwa pembeni, sina nyingine. Ukishasoma, ihifadhi. Sitaweza kuyaandika tena.

Abaayo wako,
Saynab

*

Manila
20 Machi 1998

Abaayo,

Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun. Mungu amweke Arbia mahali pema na awape subira wewe na shemeji.

Barua yako niliifungua kazini. Nililia mbele ya watu, wakaniuliza nina nini.

Sasa nimehamishwa kutoka kwenye magunia na kupewa meza ofisini. Nitakuandikia vizuri baadaye.

Abdisalam

*

Garissa
26 Julai 1998

Abdisalam,

Salamu. Huku hakuna mgonjwa.

Jana Jumamosi alikuja Bi Perla. Alikuwa anacheka tangu mlangoni. "Saynab," akasema, "nimekuletea zawadi. Gazeti limeandika habari za Kenya, na ni kampuni ya ndugu yako." Akalifungua juu ya meza yangu, kando ya mizani.

Kulikuwa na picha ya msichana aliyepakwa rangi midomoni, machozi mashavuni, ameshikilia karatasi kifuani. Sikumjua msichana. Karatasi niliijua. Wamekata picha ili ng'ombe asionekane, lakini pembe yake moja imebaki pale juu ya kidole cha msichana. Na chini ya pembe ni mwandiko wangu.

Nikamwambia Bi Perla, "Nisomee." Alisoma kwa lugha yao, akawa ananigeuzia kwa Kiingereza polepole, bado anatabasamu. Eti mama mmoja wa Afrika alimwandikia Marivel. Eti binti yake wa miaka tisa alikuwa anakufa jangwani, na redio ndogo ilikuwa inapiga wimbo wa Marivel, kwa sababu wimbo huo umefika mpaka huko. Eti mtoto akasema, "Mama, ongeza sauti." Mama akaongeza, na mtoto akalala milele akiwa na tabasamu. Chini wameandika kanda inapatikana wapi.

Bi Perla aliinua macho, akaniona. Akaniuliza, "Unamjua mama huyu?" Nikamwambia, "Ni mimi." Alilifunga gazeti haraka kama mtu aliyefunua choo, akaketi chini kwenye sakafu ya duka, mtu mzima yule, akafunika uso.

Ile karatasi ilikuwa ya Kiswahili. Hapo kwenu hakuna anayejua Kiswahili ila wewe. Hawakuweza kuisoma. Kuna mtu aliwasomea. Mahali nilipoandika mvua, kuna mtu aliweka wimbo.

Nimewahi kufungua tumbo la ng'ombe aliyekufa siku tatu. Sikupata kinyaa kama hiki. Sitaki unieleze habari za kibali wala za chuo. Nataka uniambie kwa mkono wako ni nani.

Saynab

*

Manila
30 Agosti 1998

Abaayo Saynab,

Sijui kama nina haki ya kukusalimu. Assalaamu alaykum.

Ni mimi.

Siku ile niliyolia, Bwana Crisanto aliniita ofisini kwake, akaniletea maji, akafunga mlango. Aliuliza kwa upole. Tangu nifike nchi hii hakuna aliyewahi kunisikiliza hivyo, nikamsomea barua yote kwa Kiingereza, mpaka kaburi na sufuria. Alifuta macho. Nadhani machozi yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo linalonichukiza zaidi. Kisha akaishika karatasi, akaitazama stempu ya Kenya kwenye bahasha, akasema, "Hii hatuwezi kuitunga sisi." Akasema, "Hapa kwenye mvua. Weka wimbo."

Nilimwambia hapana. Akasema nikafikirie. Nilifikiria usiku mmoja, abaayo, mmoja tu. Nikajiambia Saynab hataiona. Nikajiambia Arbia hataumia tena. Asubuhi nikapiga taipu. Maneno "ongeza sauti" ni yangu mwenyewe, sikuambiwa. Meza niliyokutajia ndiyo malipo yake.

Marivel hajui. Aliambiwa ni ya kweli, na alilia kabla ya kupigwa picha. Kanda iliuzwa mpaka ikapata tuzo ya mauzo, sahani ya dhahabu. Niliomba barua irudi, wakasema ni mali ya kampuni. Wameitia fremu na kuitundika kwenye korido kando ya ile sahani. Kila siku nikienda kwenye meza yangu napita mbele ya mwandiko wako. Wageni wanasimama, wanaitazama, hawajui hata imeandikwa lugha gani.

Najiona nanuka. Nioge vipi?

Abdisalam

*

Garissa
11 Novemba 1998

Abdisalam,

Salamu. Barua yako ilifika Septemba. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nasubiri jibu jingine.

Nilimwandikia yule msichana. Bi Perla alinisaidia, mimi nasema, yeye anaandika kwa lugha yao. Sikumtukana. Nilimwambia mwanangu aliitwa Arbia, hakuwa na redio, alikuwa akisikiliza mvua, na wimbo wake hakuwahi kuusikia. Nilimwomba aseme hivyo mara moja tu, popote anapoimba. Tulimtumia kwa anwani ya kampuni, na Bi Perla akalipa ili itiwe sahihi na mpokeaji.

Jibu limefika wiki iliyopita. Ni picha yake, ndogo kama kiganja. Anacheka. Nyuma kumepigwa chapa kwa mashine: asante kwa upendo wako, kanda mpya iko madukani. Sahihi nayo ni ya chapa, nimeikwaruza kwa ukucha haikutoka. Kwa hiyo barua yangu hakuna aliyeisoma. Mtu aliichukua, akasaini, akatia picha kwenye bahasha. Labda alifurahi kumaliza kazi. Wewe unaijua kazi hiyo.

Olow aliiona picha, akauliza ni nani. Nikamwambia tangazo.

Nataka barua yangu. Usinitumie nakala wala maelezo, nataka karatasi ile yenye ng'ombe. Umeuliza utaoga vipi, anzia hapo. Nami nakuahidi jambo moja. Kuanzia leo nitakuandikia yale tu ninayoweza kumwandikia mtu yeyote.

Saynab

*

Manila
5 Januari 1999

Abaayo Saynab,

Assalaamu alaykum. Mwezi mtukufu huu Mungu akupe heri, na shemeji pia. Mimi ni mzima.

Barua yako iko ndani ya bahasha hii. Jumatatu ya wiki iliyopita mchana, watu wako kwenye chakula, niliishusha fremu ukutani nikaipasua juu ya meza waliyonipa. Kioo kilinikata, doa lililo kwenye ukurasa wa pili ni langu, nisamehe kwa hilo pia. Walinzi walinishika getini. Bwana Crisanto alishuka mwenyewe. Alitazama karatasi, akatazama mkono wangu, akasema, "Ungeomba tungekupigia nakala." Kisha akawaambia waniachie. Hata hasira hakuwa nayo. Kesho yake aliyekaa kwenye meza yangu ni mwingine, na nimesikia ukutani wametundika nakala.

Kwa hiyo sina kazi, na chuo nitakimaliza Mungu akipenda, au sitakimaliza. Waislamu wa Quiapo wamenipa mahali pa kulala, natengeneza redio zao. Sikuandikii haya ili unionee huruma.

Nina ombi. Niandikie kama zamani. Niambie Tana imefika wapi, nani amekuja dukani, Olow anasema nini usiku. Nitachoma kila barua nikishaisoma ukitaka. Sina nyumba nyingine isipokuwa barua zako.

Ndugu yako mdogo,
Abdisalam

*

Garissa
17 Mei 1999

Kwa Abdisalam,

Assalaamu alaykum. Natumaini u mzima wa afya. Sisi huku ni wazima.

Karatasi zilifika zote. Ahsante.

Mvua imenyesha kiasi. Mifugo ni mizima. Olow anakusalimu. Majirani wanakusalimu.

Tumejaliwa mtoto mwezi huu. Hajambo.

Ni hayo tu.

Saynab Mursal
S.L.P. 87, Garissa